Kumsemea Mungu uongo

Katika matanga ya upande wetu, kuanzia Kimilili hadi Webuye, kuna sentensi isiyokosa. Emsii ataisema akijaribu maikrofoni. Mwenyekiti wa kamati ataisema kabla ya kusoma hesabu ya michango. Mheshimiwa akifika kwa kuchelewa na msafara wake, naye ataisema upesi kabla ya kuhamia siasa: kazi ya Mungu haina makosa. Watu huitikia amina, wengine bila kuinua macho kwenye simu. Nimeisikia ikisemwa juu ya mkongwe aliyelala usiku asiamke, wajukuu wakiwa wamemzunguka, na hapo sikuona ubaya wowote. Nimeisikia pia ikisemwa juu ya msichana aliyefia uzazini. Mama yake alikuwa ameketi mkekani kando ya jeneza, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesahihisha tarehe, "Damu haikuwako." Mhubiri akaendelea na mahubiri.

Siku hizi nakaa Nakuru, lakini kama watu wengi wa magharibi waliohamia mjini, narudi nyumbani kuzika kuliko ninavyorudi kusherehekea. Matatu ya usiku ina muda mwingi wa kuwaza, hasa ikishapita Timboroa na baridi kuwanyamazisha abiria. Ninachojiuliza ni hiki: ile sentensi humsaidia nani? Simuulizi Mungu. Mimi ni mtu wa kanisa, nimelelewa na nyimbo za kitabu cha Golden Bells na bado naziimba jikoni. Nawauliza tunaomsemea.

Wahubiri wetu wanampenda sana Ayubu, yule wa Biblia aliyepoteza mali, watoto na afya hadi akaketi jalalani, ila wanampenda mwanzo na mwisho tu. Sura ya kwanza ni ya mazishi: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Sura ya 42 ni ya mikutano ya injili: Ayubu alirudishiwa mali yake maradufu, kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe na punda wake 1,000, na wewe pia utarudishiwa, namba ya paybill iko pale kwenye bango. Kati ya kondoo waliokufa na kondoo waliorudi kuna kitabu kizima ambacho sijawahi kukisikia kikisomwa hemani. Humo, kuanzia sura ya tatu, Ayubu yuleyule wa "jina la Bwana libarikiwe" anailaani siku aliyozaliwa. Anamwambia Mungu amwache hata ameze mate. Anataka kesi, tena anataka mshitaki wake ajitokeze.

Halafu kuna rafiki zake. Elifazi, Bildadi na Sofari hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linalonitisha. Walitoka mbali, kila mmoja kwao, wakalia, wakararua mavazi yao, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Wangeondoka siku ya nane, leo tungewaita watoto wetu kwa majina yao. Walibaki wakafungua vinywa. Elifazi alianza kwa adabu: kumbuka, ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana hatia? Bildadi akaenda mbele, akamwambia baba aliyezika watoto kumi kwamba yumkini watoto wale walitenda dhambi wakalipwa. Kufikia sura ya 22, Elifazi hana subira tena. Anaanza kumtungia Ayubu makosa: uliwanyang'anya ndugu zako rehani bila sababu, uliwavua nguo maskini, uliwafukuza wajane mikono mitupu. Hana shahidi hata mmoja. Hakumwona Ayubu akifanya hayo. Lakini imani yake inasema anayeteseka ana kosa, na mateso anayaona kwa macho, basi kosa litapatikana tu, lisipopatikana litengenezwe.

Jibu la Ayubu liko katika sura ya 13, na ningekuwa na uwezo ningelichora kwenye kila hema la kukodisha. Anawauliza: hivi mtamsemea Mungu maneno ya uongo? Mtampendelea yeye, mjifanye mawakili wake? Akija kuwapekua ninyi, itakuwaje?

Mwishoni Mungu anatokea katika upepo wa kisulisuli na haelezi chochote. Haambii mtu kwa nini watoto walikufa. Anauliza maswali kuhusu nyota, mbuni, mbuzi wa milimani, na yule mnyama mkubwa anayelala chini ya matete ambaye wasomaji wengi humchukua kuwa kiboko (aliyewahi kutoka na mtumbwi alfajiri pale Dunga, Kisumu, hahitaji kufafanuliwa hoja hiyo). Kisha anamgeukia Elifazi kwa hasira: wewe na wenzako wawili hamkunena yaliyo sawa juu yangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu. Walioteta kwa ajili ya Mungu wamehukumiwa. Aliyeteta naye ameambiwa kwamba alisema sawa, na sasa ni yeye atakayewaombea msamaha wale watetezi, pamoja na fahali saba na kondoo waume saba.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Prussia, aliandika makala mwaka 1791 kuhusu kushindwa kwa falsafa zote zinazojaribu kumtetea Mungu mbele ya maovu ya dunia. Kant si msomaji wa kupumzikia, lakini hapo alikiona kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kukaa hemani atakitambua. Alisema rafiki za Ayubu walizungumza kana kwamba yule Mwenye nguvu alikuwa mahali pa siri akiwasikiliza, na kana kwamba kumpendeza kulikuwa na uzito kuliko kusema kweli. Yaani waliongea kama emsii anayejua kwamba mheshimiwa ameketi safu ya mbele. Alichomsifia Ayubu ni unyofu: alisema alivyoona na alivyohisi, hata pale ambapo kusema hivyo kungemletea hasara.

Waislamu wa Bondeni, hapa Nakuru, wanamsimulia Ayubu kwa njia tofauti kidogo, na kuna sehemu naipenda kuliko yetu. Katika Biblia mke wa Ayubu ana mstari mmoja tu, wa kumwambia mumewe amkufuru Mungu afe. Katika masimulizi ya Kiislamu mke huyo ana jina, Rehema, na ndiye anayemhudumia, anayefanya vibarua ili mgonjwa ale, na hatimaye anauza nywele zake kwa ajili ya chakula. Pwani walimtungia Ayubu utendi, ambao msomi Alice Werner aliuchapisha London mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huko Ayubu ni mfano wa subira. Lakini hata katika Kurani, Surat Al-Anbiya, mtu huyo wa subira anamlilia Mola wake wazi kwamba dhara imempata. Kusubiri hakukumziba mdomo. Na simulizi haikusahau kwamba mtu anayesubiri kwa uchungu huwa kuna mwingine anayepika.

Sasa tuondoke jalalani kwa Ayubu twende Lisbon, Ureno. Tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, asubuhi makanisa yakiwa yamejaa, mji ule ulitikiswa na tetemeko kubwa, kisha mawimbi ya bahari, kisha moto wa siku kadhaa. Makumi ya maelfu walikufa. Wasomi wa Ulaya, waliokuwa wamezoea kufundishana kwamba dunia hii ndiyo bora kuliko zote ambazo Mungu angeweza kuumba, walibaki wameduwaa, na mwandishi Mfaransa Voltaire akaandika shairi la hasira dhidi ya mafundisho hayo. Ndani ya Ureno kwenyewe, kasisi Mjesuiti aitwaye Gabriel Malagrida alichapisha kijitabu mwaka 1756 akisema sababu haikuwa ya maumbile bali dhambi za watu. Elifazi amefufuka, sasa ana mashine ya kuchapa.

Mtu ninayemkumbuka zaidi katika mzozo ule ni mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau. Katika barua yake kwa Voltaire ya mwaka 1756 alisema jambo dogo: maumbile hayakujenga pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Watu wangetawanyika zaidi, wakajenga chini zaidi, hasara ingekuwa ndogo. Rousseau alikuwa akimtetea Mungu, tusimpe sifa asizostahili. Lakini alipokuwa akimtetea, aliihamisha kesi kutoka mbinguni hadi kwenye ofisi ya mipango ya mji, na tangu hapo haijarudi yote.

Sisi wa Nakuru hatuhitaji Lisbon. Jumatano jioni, tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la shamba la mtu binafsi huko Solai lilipasuka. Maji yaliteremka mlimani gizani yakapitia nyumba za vijiji vya Energy na Nyakinyua, yakaua zaidi ya watu 40, wakiwemo watoto wengi. Siku zilizofuata kila aliyeshika maikrofoni alianza na ile sentensi. Baadaye mashtaka ya kuua bila kukusudia yalifunguliwa mahakamani mwaka huohuo, kwa maana kuna waliothubutu kudhani kwamba ukuta wa udongo uliojengwa na binadamu ni kazi ya binadamu. Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko, ikawa zamu ya Mai Mahiu. Maji ya mvua yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli ambako kalvati, njia ya maji ya chini, ilizibwa na takataka na magogo, hadi tuta likaachia. Zaidi ya watu 50 walikufa.

Mvua tuiite ya Mungu. Kalvati lililoziba ni la nani?

Najua kuna atakayesema, na jirani yangu wa kanisani ameshasema, kwamba huwezi kumwambia aliyefiwa habari za kalvati. Kweli. Kwa siku saba za kwanza huwezi, na Elifazi alijua hivyo. Lakini sentensi ile haisemwi siku saba tu. Inasemwa kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja, inasemwa na walio na bajeti ya mitaro, na kila ikisemwa faili fulani linasogezwa chini kabatini.

Albert Camus, katika riwaya yake ya mwaka 1947 kuhusu tauni katika mji wa Oran, Algeria, anaye kasisi aitwaye Paneloux. Mahubiri yake ya kwanza ni ya moto: ndugu zangu, ninyi mko katika maafa, na mlistahili. Baadaye anakaa kando ya kitanda cha mtoto wa hakimu, akimtazama akifa taratibu kwa maumivu. Anapopanda tena mimbarani sauti ni ya chini, na mwandishi anatwambia kwamba kasisi hasemi tena "ninyi", anasema "sisi". Camus hakuwa muumini na angeweza kumfanya kasisi kuwa kikaragosi. Hakufanya hivyo. Paneloux habadilishi imani yake. Anabadilisha mahali anapoketi.

Ningependa kuishia hapo, nimpige Elifazi niende zangu, lakini kuna upande wa pili ambao watu wa magharibi mwa Kenya tunaujua vizuri mno. Ukiondoa "kazi ya Mungu", swali linalobaki ni "nani amemuua?" Na majirani zetu hawalijibu kwa ripoti ya mhandisi kila mara. Oktoba 2021, huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Kijana amekufa ghafla kijijini, na kabla ya jua kuzama tayari kuna bibi mmoja asiye na watoto wa kiume ambaye macho yote yameanza kumtazama. Elifazi na umati ule ni ndugu wa baba mmoja. Wote wawili hawawezi kuvumilia msiba usio na mkosaji. Mmoja anamtafuta ndani ya marehemu, mwingine nyumba ya tatu.

Ndiyo maana sitaki kuidharau sentensi ile moja kwa moja. Nilikuwapo katika matanga ya binamu yangu aliyefariki akiwa na afya, juzijuzi tu alikuwa akilima, na minong'ono ilikuwa imeshaanza kumhusu mjane. Shangazi za marehemu walikuwa hawampokei mkono. Ndipo kuka (babu) mmoja wa ukoo, mzee asiyependa maikrofoni, alisimama na bakora yake akasema, "Huyu mtoto amechukuliwa na Mungu. Nimesema Mungu. Asije mtu na lingine." Akakaa. Minong'ono ilikatika, na mjane akabaki bomani kwake. Maneno ni yaleyale ya mheshimiwa, lakini mzee aliyatumia kama ngao ya mtu dhaifu, ilhali mheshimiwa huyatumia kujikinga mwenyewe. Kwa hiyo kipimo changu si sentensi yenyewe. Naangalia nani amesimama nyuma yake.

Mwanafalsafa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya, alizunguka vijijini akirekodi fikra za wazee ambao hawakusoma vitabu vya Ulaya, akazichapisha mwaka 1990. Mmoja wao alikuwa baba yake mwenyewe, Oruka Rang'inya. Mzee huyo alishikilia kwamba ni kosa kumfanya Mungu kama mtu fulani. Kwake Mungu ni wazo la wema wenyewe, na ni wazo lenye manufaa katika maisha. Sikubaliani naye katika nusu ya kwanza, ninaomba kwa mtu anayenisikia. Lakini ile nusu ya pili inanisumbua kwa faida: kama jina la Mungu lina manufaa, basi tuna haki ya kuuliza manufaa hayo yamemfikia nani leo, mjane au mwenye bwawa.

Wabukusu tuna taasisi ambayo, nadhani, ilishalitatua jambo hili kabla ya makanisa kufika. Akifa mzee wa kuheshimika, mwenye wajukuu, siku chache baada ya mazishi huitwa mtu wa kuswala kumuse, yaani kutoa hotuba ya wosia. Si kila ukoo una watu hao; ni kipawa kinachorithiwa. Watu huketi, yeye hutembea kwenda na kurudi katikati yao na fimbo yake, na hakuna anayemkatiza. Huanza mbali, safari ya wahenga kutoka Misri kama simulizi zetu zinavyodai, vita, njaa, kupanda na kushuka mlima Elgon, hadi afike kwa wale walioketi mbele yake. Hapo lugha hubadilika. Atawaambia ndugu waache kugombana juu ya mipaka. Atawataja walevi, si kwa jina, lakini kila mtu atajua. Atauliza nani atamlimia mjane msimu huu. Wale niliowasikia mimi hawakupoteza muda wakieleza kwa nini mzee alikufa. Wazee wa zamani, wakimwomba Wele Khakaba, Mungu mpaji, hawakumbebesha mabaya yote. Mabaya yalikuwa na mwenyewe mwingine, wele mweusi, na mpaji alibaki mpaji. Siwezi kuirudia theolojia hiyo, lakini naona ilivyowapa nafasi: bila mzigo wa kumtetea Mungu, waliongea habari za shamba.

Na Ayubu, tukimsoma kati badala ya kingoni, anaongea habari za shamba vilevile. Hili lilinishangaza niliposoma sura ya 24 kwa utulivu. Mtu yuko jalalani na majipu mwili mzima, na ghafla haongei tena juu ya majipu. Anasema kuna watu wanaohamisha alama za mipaka. Wanaswaga punda wa yatima, wanachukua ng'ombe wa mjane kuwa rehani. Maskini wanavuna shamba la tajiri huku wana njaa, wanakamua mafuta huku wana kiu, na mjini wanaokufa wanaugua. Nimesoma malalamiko ya kaunti yaliyoandikwa vibaya kuliko hayo. Dhiki yake imemfumbua macho aone dhiki ya wengine, ambayo alipokuwa tajiri na mfadhili huenda aliiona kama watu wa kusaidiwa tu. Katika sura ya 31 anajiapiza: kama nimekula tonge langu peke yangu bila yatima, kama ardhi yangu inalia juu yangu na matuta yake yanatoa machozi, basi miiba iote badala ya ngano.

Ardhi kulia juu ya mwenyewe! Mahubiri ya mstari huo yangemaliza kesi ngapi Bungoma?

Na kwa kuwa tumefika kwenye ardhi, turudi kwa wale wa sura ya 42 na maradufu yao. Kuna mambo mawili wanayoyaruka hata katika sura wanayoipenda. La kwanza, watoto hawakurudi maradufu. Alipata wana saba na binti watatu, idadi ileile ya mwanzo, na wale kumi wa kwanza walibaki makaburini. Hakuna anayeweza kukuuzia mbegu ya kurudisha hao. La pili ni mstari wa 14 na wa 15. Majina ya wana saba hayakuandikwa, lakini ya binti yameandikwa: Yemima, Kesia, Keren-hapuki. Na baba yao akawapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Mtu aliyerudi kutoka katika dhiki ile aligawa mali kwa namna ambayo sheria yetu ya urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, na Katiba ya 2010 vinaamuru, na ambayo mabaraza mengi ya ukoo hadi leo yanaona ni mambo ya wazungu.

Tulipomzika baba, kaka yangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, aliomba asome yeye neno. Akachagua sura hiyohiyo. Alisoma vizuri, ana sauti, kondoo na ngamia wakapita wote. Alipomaliza mstari wa 13 alifunga Biblia. Dada yetu, aliyeolewa Lugari na alikuwa ameketi na wake wa ukoo, hakusimama hata. "Endelea, kaka," alisema. "Mistari miwili tu zaidi." Kaka akafungua tena, akatafuta ukurasa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akasoma. Mwezi uliofuata tulikwenda kwa chifu kuandikiwa barua ya warithi, ile inayopelekwa mahakamani kufungua faili. Chifu aliuliza majina ya watoto wa marehemu. Kaka akataja ya wavulana, akanyamaza. Chifu alikuwa ameshaanza kupiga muhuri aliposikia dada akitaja lake kutoka mlangoni, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya kitambulisho.